Nunda Alilelewa Nyumbani

(Maneno haya niliyasema usiku mmoja katika ua wa Ngome ya Lamu, mbele ya wapenzi wa vitabu na filamu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikaongeza machache pale ambapo upepo ulinimeza sauti.)

Assalamu alaykum warahmatullah. Hamjambo wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote. Na nyinyi wanafunzi mlioketi juu ya ukuta, shukeni mkae mkekani na wenzenu. Kuta hizi zina miaka 200, na nyinyi bado twawahitaji.

Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu, makala, video na filamu nilizozipenda mwaka huu. Nilidhani ni kazi nyepesi. Nikachukua daftari, nikaandika majina, na nilipomaliza nikayatazama kwa muda mrefu. Karibu yote yalikuwa ya kutisha. Binti yangu aliisoma orodha ile akiwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza, "Mama, mtu hutoaje pesa zake ili atishwe? Si hofu ipo bure?" Sikuwa na jibu siku ile. Nimekuja nalo leo, au nimekuja na nusu yake.

Naanza na hadithi ambayo wengi wenu mliisikia kabla ya kujua kusoma. Nunda mla watu. Mimi niliisikia kwa bibi yangu, kitandani, kandili imepunguzwa utambi, naye akiniambia, "Fumba mato, mwanangu," akijua fika kwamba sitaweza kuyafumba. Mwaka huu nimeisoma upya katika ngano alizozikusanya Edward Steere kule Unguja, zikachapishwa London mwaka 1870. Utotoni nilidhani hadithi ile inamhusu mnyama. Nimeisoma nikiwa mtu mzima, nimeona inamhusu sultani.

Kumbukeni mambo yalivyokwenda. Paka ni wa sultani. Anakamata ndama. Watu wanakwenda kumwambia bwana mkubwa, naye anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakamata mbuzi, jibu ni lile lile. Ng'ombe, punda, ngamia, na kila mara watu wanapanda kwa sultani na kila mara wanashuka mikono mitupu. Paka anakula mtoto wa watu, na bado sultani hatikisiki. Mpaka siku paka anapowala watoto wa sultani mwenyewe, ndipo anapokubali kwamba yule si paka tena. Yule ni nunda.

Kaeni na hadithi hii kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa Amu, Lamu hii, na paka tunao. Wapo chini ya meza za wauza samaki, wapo kwenye madaka yetu, wapo ndani ya mashua zilizofungwa gatini. Aliyeitunga ngano ile mara ya kwanza hakuchagua simba wala joka la bahari. Alichagua mnyama anayelala miguuni mwetu. Kisha akaongeza jambo ambalo utotoni lilinipita kabisa. Yule kijana mdogo wa sultani anayejitolea kumsaka nunda anaingia mwituni, anaua mnyama, anamburura mpaka kwa mama yake, anaimba kwamba huyu ndiye nunda. Mama anamwambia, mwanangu, siye huyo. Analeta mwingine. Siye. Pundamilia, siye. Twiga, siye. Kifaru, ndovu, siye. Tulipokuwa watoto tulikipenda kipande hiki kwa sababu tuliimba pamoja na bibi. Sasa mimi ni mama, na kila "siye" inanichoma. Mwitu mzima unachinjwa kwa kosa lililoanzia ndani ya nyumba ya sultani. Wanyama wale hawakumla mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kijana yule anakitafuta kila mahali isipokuwa nguoni.

Tangu nisome hivyo, kila kitu kingine katika orodha yangu nimekitazama kwa jicho lile. Nimejiuliza swali moja tu: nani alikifungulia mlango?

Sasa niwapeleke baharini. Filamu ya kwanza niliyoiandika haina sauti, haina rangi, na ina zaidi ya miaka 100. Inaitwa Nosferatu, ya Mjerumani F. W. Murnau, mwaka 1922. Ni kisa cha mwinyi mmoja aitwaye Orlok, mfu anayeishi kwa damu ya watu. Kisa chenyewe kilichukuliwa katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, na hawakuomba ruhusa. Walibadilisha majina tu. Mjane wa Stoker akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Ilikuwa nakala nyingine zimekwisha kusafiri nchi za nje, na ndizo zilizotufikia.

Niliitazama usiku, peke yangu, kwenye kompyuta ya kazi. Kuna kipande cha jahazi. Orlok yumo ndani ya sanduku, chini, pamoja na panya na udongo wake. Mabaharia wanakufa mmoja mmoja. Nahodha wa mwisho anajifunga kamba kwenye usukani. Kisha chombo kinaingia bandarini taratibu, matanga yote yamejaa upepo, na hakuna mkono wa kuyashusha. Labda mtu wa bara akikiona kipande hiki anaona meli. Mimi niliona gati yetu. Niliona wanawake waliosimama pale enzi za mama zetu, leso zimekazwa kiunoni, wakihesabu vichwa chomboni kabla hakijafunga. Chombo kinachokuja vizuri, kwa njia yake, kwa saa yake, na hakuna mtu juu yake: sijui kama kuna picha inayoweza kumtisha mtu wa pwani kuliko hiyo. Hakuna damu. Hakuna kelele. Ni tanga tu.

Lakini si jahazi lililoninyima usingizi. Ni karatasi. Mwanzoni mwa filamu kuna kijana, karani wa dalali wa nyumba. Tajiri wake anamtuma safari ya mbali akamuuzie mwinyi yule nyumba. Nyumba yenyewe inatazamana na ya kijana, mlango kwa mlango. Anamwacha mkewe mpya, anasafiri, anaweka karatasi mezani mbele ya mtu ambaye kila mwanakijiji njiani alimwonya asimwendee, na mwinyi anatia saini. Yote yanayofuata, jahazi, panya, tauni, majeneza njiani, yanatokana na saini ile. Orlok hakuvunja mlango wa mtu. Aliuziwa.

Ndugu zangu, hapa nataka nieleweke. Sisemi kwamba kila anayenunua nyumba Amu ni Orlok. Wapo walionunua nyumba zilizokuwa zikianguka, wakazisimamisha kwa chokaa na boriti kama zilivyokuwa, wakawapa kazi mafundi wetu. Wao siwasemi. Namsema karani. Namsema kwa sababu mimi ni karani.

Nyumba ya bibi yangu kule mtaa wa Mkomani, nyumba niliyosimuliwa nunda, tuliiuza. Tulikuwa warithi wengi, kila mmoja ana shida yake, na nyumba ilikaa tupu miaka kadhaa tukigombania nani alipe paa. Siku moja nilipewa ufunguo niingie na dalali kuhesabu milango. Tulikuwa na tochi. Tukapita daka, tukapita kiwanda, yaani ua wa ndani, tukaingia ndani kabisa, kule kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo. Nyinyi mliokulia nyumba za mawe mnajua zidaka zilivyokuwa zikipangwa: sahani za kichina, bakuli, chupa ya marashi, msahafu juu kabisa. Nilimulika. Zidaka zote zilikuwa tupu, isipokuwa kimoja ambacho ndege alikuwa ametaga. Kisha nikamulika darini, na boriti zilikuwa nyeusi, na weusi ule ukatikisika. Walikuwa popo.

Dalali alikuwa anapima chumba kwa hatua zake. Mimi nilisimama nikasikia maneno yanakuja kichwani, maneno ya watu wa zamani, na nilitetemeka kiasi kwamba aliniuliza kama nina homa.

Kwa miaka mingi nimefundisha shairi la Al-Inkishafi darasani. Nimeifundisha kama lugha: huu ni msamiati wa Kiamu, hivi ni vina, hizi ni mizani, hapa mshairi ametumia tashbihi. Wanafunzi wamefaulu. Siku ile katika nyumba ya bibi ndiyo siku ya kwanza niliyoisoma. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga Pate, mwanzoni mwa karne ya 19, mji ule ukiwa umekwisha kuporomoka. Anaeleza nyumba za mabwana wa Pate zilivyowaka taa usiku ukawa kama mchana, vyombo vya kaure vilivyojaa, vitanda vya pembe na nakshi, wapepezi na waimbaji wakiwaliwaza mabwana walale. Kisha anafungua milango ile ile baada ya wenyewe kuondoka. Makinda ya popo yananing'inia juu. Buibui wametanda vitandani. Kwenye madaka ya kuwekea sahani wanalala wana wa ndege, na bundi analia katikati ya nyumba. Mende na nyenje ndio wanaovuma ukumbini. Baada ya hapo anakwenda kaburini kwao, hasiti, anatuonyesha wadudu wakifanya kazi juu ya nyuso zilizopakwa marashi, na kutoka kaburini anakwenda kwenye moto wa jahannamu.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliposikia nazungumzia filamu za kutisha aliniambia, mwanangu, mambo haya si desturi yetu, ni ya Wazungu. Nilimbusu mkono, na kwa heshima yake nikamjibu: baba, tulikuwa na shairi la nyumba tupu na bundi na maiti karibu miaka 100 kabla ya Orlok kupakiwa kwenye jahazi lake. Na limetungwa na sharifu.

Na tazameni jambo moja ambalo watengenezaji wa filamu wengi hawalijui mpaka leo. Sayyid Abdalla hamtishi jirani. Shairi lote anausemesha moyo wake mwenyewe. Moyo wangu, wewe, huoni? Moyo wangu, una nini? Anautisha moyo wake kwa sababu anauogopea. Ndiyo maana mtu unayesoma unaogopa pamoja naye. Hujasukumwa kwenye kona na mtu anayekukemea. Nimeona filamu nyingi mwaka huu zinazonirukia kwa kelele, mlango unabamiza, uso unatokea, fidla zinapiga mayowe. Ninashtuka, naam, kama ninavyoshtuka punda akilia nyuma yangu kwenye kichochoro. Dakika mbili baadaye nimesahau. Inkishafi haipigi kelele hata mara moja.

Baada ya kuuza nyumba nilikwenda Pate. Tulipita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, tukafika tukatembea kwenye magofu. Watu wamelima tumbaku katikati ya kuta. Majani mapana, mabichi, yanatoka penye vyumba alivyovitaja. Nilikaa pale nikasoma kwa sauti, nikalia, na sikuona haya.

Sasa filamu niliyoipenda kuliko zote. Anayetaka kuiona bila kuambiwa mwisho azibe masikio dakika chache. Inaitwa His House, ya mwaka 2020, na imeongozwa na Remi Weekes. Mume na mke, Bol na Rial, wamekimbia vita Sudan Kusini. Wamevuka bahari kwa chombo kibovu, chombo kimezama, msichana waliyekuwa naye, Nyagak, amekufa maji. Wanafika Uingereza, wanapewa nyumba ya serikali yenye kuta zinazobambuka, wanaambiwa wasihame, wasifanye kazi, wawe watu wazuri. Usiku kuta zinaanza kunong'ona.

Niliitazama na dada yangu. Sisi tumeishi karibu na watu waliovuka mpaka; kaunti yetu imepakana na Somalia, na hakuna haja ya kunieleza maana ya kumpoteza mtu majini. Kwa hiyo nilikuwa upande wa Bol na Rial tangu mwanzo, nikiwachukia majirani na makarani wanaowadharau. Nilidhani filamu inanitaka nichukie tu. Kisha Rial anasimulia ngano ya kwao. Palikuwa na mtu maskini, mwenye heshima, aliyetamani nyumba yake mwenyewe. Akaanza kuiba. Siku moja akamwibia mzee aliyeishi kando ya mto, na mzee yule alikuwa mchawi wa usiku, wanamwita apeth. Mtu yule alipomaliza kujenga nyumba, mchawi akahamia naye ukutani.

Dada yangu akanishika mkono. Tukatazamana. Ilikuwa kama sauti ya bibi imetoka kwenye televisheni, kwa lugha nyingine.

Na mwishoni tunajua: Nyagak hakuwa mtoto wao. Siku ya kukimbia, basi la kuwaokoa lilikuwa linapokea wenye watoto. Bol akamnyakua mtoto wa mwenzake katika umati ili apate nafasi, na mama yake akabaki nyuma akikimbia na kupiga kelele. Nilisimamisha filamu pale. Nilikwenda jikoni nikanywa maji. Nilimchukia Bol, na nilijua bila shaka yoyote kwamba ningekuwa pale, na risasi zinalia, ningeweza kufanya alichofanya. Sijawahi kuhisi hayo mawili pamoja kwa nguvu kiasi kile mbele ya skrini. Filamu ingeweza kumsamehe kwa urahisi au kumhukumu kwa urahisi. Inafanya jambo jingine. Mchawi anauawa, lakini wafu hawaondoki. Bol na Rial wanasimama katika nyumba ile, na wafu wao wote wamesimama nao vyumbani, na wanasema kwamba wamekubali kukaa nao. Nimeiona mara tatu. Mkiwa na nafasi ya kuona kitu kimoja tu katika vyote nilivyovitaja, oneni hicho.

Nipite haraka kwenye mambo mengine, saa zinakwenda.

Nilisoma makala kuhusu jinamizi. Inaeleza kwamba katika ile sehemu ya usingizi tunayoota zaidi, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili mtu asiinuke akayatenda anayoyaota. Mara nyingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa. Unaona chumba chako, unaona chandarua, na huwezi kuinua kidole. Pumzi ni fupi kwa sababu bado ni pumzi ya usingizini, ukitaka kuivuta kwa nguvu haivutiki, nawe unahisi uzito kifuani. Na ubongo, ukiwa katika hofu ile, unakuumbia mtu wa kukukalia. Wajapani wana jina lake, kanashibari. Watu wa Newfoundland kule Kanada husema ni ajuza. Mchoraji Henry Fuseli alimchora mwaka 1781, kiumbe kimechuchumaa juu ya kifua cha mwanamke aliyelala. Hutokea zaidi kwa aliyekosa usingizi na anayelala chali.

Mimi limenikalia mara mbili, mwaka ule mama alipofariki. Sikumwambia mtu, nilidhani ni adhabu. Makala ile sikuisoma kama mtu anayeondolewa ushirikina, maana hofu niliyoijua usiku ule haifutwi na maelezo. Niliisoma nikafurahi kwamba mwanamke wa Japani, na mvuvi wa Kanada, walikuwa wamelala chini ya uzito ule ule. Kama yupo hapa kijana aliyekaliwa na jinamizi na ananyamaza, asinyamaze.

Hapo nikamkumbuka Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na nikarudia Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyotoka mwaka 1960. Maiti mzimuni, mji mzima unaogopa mizimu, na Bwana Msa na kiko chake anatafuta mkono wa binadamu. Wanafunzi wangu huniambia ni ya kizamani. Mimi naona ni ndugu wa nunda: wote wanatazama mzimuni, naye anatazama sebuleni.

Video moja tu nitaitaja. Mwanangu alinionyesha gombessa akiogelea. Mnamjua: yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za dinosaria, mpaka mwaka 1938 mmoja alipovuliwa Afrika Kusini, akaonwa na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho. Mwaka 2001 akavuliwa mmoja huku kwetu, karibu na Malindi. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo Ngazidja, kule Komoro, akampiga picha akiwa hai majini, na alikuwa amesimama kichwa chini, mkia juu, ametulia gizani kama mtu anayefikiri. Mwanzoni nywele zilinisimama. Mapezi yale yanakwenda kama mikono, jicho linang'aa kijani. Lakini nilivyozidi kutazama ndivyo hofu ilivyogeuka. Wavuvi wa Ngazidja walikuwa wanamjua siku zote, wana jina lake, na walijua nyama yake si tamu. Ametoweka kwa nani, basi? Nimeitazama video ile zaidi ya mara kumi. Yumo katika orodha yangu ya kutisha kwa sababu ndiye pekee aliyenitisha bila kuwa na hatia yoyote.

Na Us ya Jordan Peele, ya mwaka 2019, nimeirudia kwa ajili ya Lupita Nyong'o peke yake. Amecheza watu wawili, mama wa familia na kivuli chake kilichotoka chini ya ardhi na mkasi mkononi. Sauti aliyompa kivuli yule, sauti iliyokauka kama mlango wa nyumba iliyofungwa miaka, bado naisikia. Filamu yenyewe inaeleza mno mwishoni, ningependa inyamaze. Lakini pale familia inapoona watu wanne wamesimama kizani mbele ya nyumba yao, wameshikana mikono, na baadaye, wakiwa wote ndani, mtoto mdogo anasema kwamba wale ni sisi, hapo nilifunga dirisha la chumba changu.

Binti yangu yuko pale mkekani na bado ananitazama, anangoja jibu lake. Mwanangu, hofu ya bure ipo, ni kweli. Ipo barabarani, ipo hospitali, ipo ada ya shule isipopatikana. Hofu ile inakuja na kukushika, huna nafasi ya kuitazama usoni. Hii ya kitabu na filamu naweza kukaa nayo, nikaisimamisha, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Na mara tatu mwaka huu, niliporudi, nilikuta inanionyesha jambo langu mimi: saini yangu, moyo wangu, ukuta wa bibi yangu. Ningelipia tena. Nusu ya jibu iliyobaki sina.

Ninachokitamani, na nakisema mbele ya vijana wenye simu zinazopiga picha nzuri kuliko kamera ya Murnau: tengenezeni yenu. Msituletee jini mwenye kwato kwa sababu mmemwona kwa wengine. Nendeni kwenye nyumba moja tupu Mkomani saa za magharibi, muombe ruhusa kwa mwenyewe, mwashe simu, mtulie. Msiweke muziki. Msome ubeti mmoja tu wa Sayyid Abdalla. Kisha mwende kwa mwanamke yeyote mwenye miaka 70 mumuulize sultani alimjibu nini yule mwenye ndama.

Sasa tumefika kwenye filamu ya usiku huu. Ni Night of the Living Dead, ya George Romero, mwaka 1968. Tunaweza kuionyesha bure kwa sababu ya kosa moja la karatasi: waliobadilisha jina la filamu kabla ya kuitoa walisahau kurudisha ile alama ya hakimiliki ambayo sheria ya Marekani ya wakati ule iliitaka, na tangu siku ile ikawa mali ya watu wote. Romero na rafiki zake waliipiga karibu na Pittsburgh kwa pesa kidogo. Shujaa wake ni Duane Jones, mtu mweusi, na Romero alisema alimchagua kwa kuwa ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote waliojaribiwa. Ilitoka Oktoba. Aprili ya mwaka ule ule Martin Luther King alikuwa ameuawa.

Mwisho wake siusemi. Nitawaomba jambo moja tu. Nje ya nyumba mtaona wafu wanatembea, msiwatazame sana. Sikilizeni walio ndani wanavyogombana juu ya mlango wa chumba cha chini.

Kina mama wenye watoto wadogo, naomba mwarudishe nyumbani sasa, nitawangoja. Filamu ni dakika 96. Ngome hii ilikuwa jela mpaka mwaka 1984, kwa hiyo mkisikia lango linalia, ni upepo wa kusi na bawaba kuukuu. Na majina ya waigizaji yatakapoanza kupita mwishoni, msiinuke. Kuna picha mnato zinapita nyuma ya majina, na ndizo nilizotaka mzione.

Zima taa, mwanangu.